Kifungo cha Nje Kinamlipa Nani?

Tuseme kijana wa Soni, wilayani Lushoto, ameiba viazi shambani kwa jirani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu, kwa kosa la kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa kazi ya umma isiyo na malipo badala ya gereza. Afisa uangalizi huchunguza kwanza mwenendo wake na hali ya nyumbani kwao. Mitaani adhabu hii tunaiita kifungo cha nje, na wengi wanaona mtu ameponea chupuchupu.

Mimi sioni hivyo. Ukuta wa gereza pia humsitiri mfungwa. Huyu wa Soni atafyeka nyasi za zahanati siku ya kliniki, mama mkwe wake akiwa kwenye foleni. Hakimu amepima saa za kazi. Fedheha ile hakuipima, wala hana kipimo chake. Anayeitetea adhabu hii kwa kuwa ni laini hajawahi kuishi kijijini.

Wala kazi peke yake haimrekebishi mtu. Kuanzia 1946, kwa mpango wa Mlalo, huko huko Lushoto, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waliokaidi walitozwa faini, wengine wakafungwa. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, wataalamu hawakudanganya. Hata hivyo mpango ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa mwenye jembe alikuwa akiitumikia amri ya mtu mwingine, tena juu ya shamba lake mwenyewe.

Ili kazi iwe malipo, anayeifanya lazima ajue anamlipa nani. Hapo ndipo kifungo cha nje kinapochechemea. Aliyeibiwa anapita zahanati, anamwona mwizi wake akifyeka, na viazi vyake havijarudi. Tunasema jamii imelipwa. Jamii ipi, kama yeye hayumo? Uchunguzi wa afisa ungeanzia mlangoni kwa aliyeibiwa: anataka fidia, anataka kulimiwa, au hataki hata kumwona mtu huyo? Kuhukumu asihukumu, maana hasira ni hakimu mbaya. Ila jibu lake liandikwe, na hakimu akilikataa aseme kwa nini.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo hapo hapo Lushoto. Kabla ya somo la adhabu, ningewapandisha wanafunzi wake Mlalo, wakawaulize wazee habari za matuta.