Je, Safari za Angani Zapinga Dini?

Kurani Tukufu inapowasifu wenye akili, yataja mambo mawili pamoja: kwamba humkumbuka Mwenyezi Mungu katika kila hali yao, na kwamba hufikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi (3:191-192). Dhikiri na fikira zimewekwa bega kwa bega. Basi mtu anayezitenganisha, akashika moja na kuitupa nyingine, amepunguza sifa ambayo Mola wake amemwekea.

Nimekumbuka aya hizo kwa sababu ya kijana mmoja wa pwani yetu ya Mtwara. Nilipokuwa likizoni nilikwenda Msimbati kuwasalimu jamaa. Yalikuwa majira ya bamvua, maji yamekupwa mbali sana, na akina mama walikuwa wakitafuta pweza miambani. Nilimkuta kijana huyo ameketi kando ya mashua akishona wavu. Utotoni mwake nilimsomesha Yassarnal Kurani, na mama yake alikuwa amenieleza kwa huzuni kwamba haonekani tena msikitini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watu wa msikitini wanakuulizia?"

Akajibu kwa upole, "Maalim, niliambiwa mbele ya watu kwamba anayesadiki kuwa binadamu amekanyaga mwezi ametoka katika Uislamu. Mimi mambo hayo nimeyasoma shuleni na nimeyasadiki. Nikaona nimekwisha tolewa. Ya nini kurudi?"

Ndugu msomaji, nakiri kosa langu. Nilimkemea kwa maneno ya haraka juu ya adabu kwa wazee. Akanyamaza, akaendelea na wavu wake. Nilipokuwa njiani kurudi mjini ndipo nilipotambua kwamba yeye alinipa swali nami nikampa karipio. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nayaandika haya kwake, na kwa vijana walio kama yeye, na kwa wazee wenye kuwafungia mlango.

Mambo yaliyotendeka

Kwanza yatupasa kujua yaliyotokea. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichoundwa na watu kuizunguka dunia. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja katika safari ya dakika 108. Mwaka 1963 alimfuata mwanamke wa kwanza, Valentina Tereshkova. Hatimaye, tarehe 20 Julai 1969, Waamerika wawili, Neil Armstrong na Edwin Aldrin, walitua mwezini, na mwenzao Michael Collins akabaki akiuzunguka mwezi kwa chombo chao. Hadi Desemba 1972 watu 12 walikuwa wamekanyaga ardhi ya mwezi.

Wala mambo hayo hayakupita mbali nasi. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kisiwani Unguja palikuwapo kituo kilichozungumza naye alipopita juu ya pwani yetu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililojengwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Hiyo ndiyo setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Na katika miaka ya karibuni setelaiti za Kenya na za Uganda zimekwisha pelekwa angani.

Yupo asemaye kwamba safari za mwezini ni uongo wa Waamerika. Huyo na afikiri. Warusi walikuwa washindani wao wakubwa, wenye vyombo vya kuwafuatilia, nao hawakuikana safari ile. Wasafiri walirudi na mawe na udongo wa mwezi, jumla ya kadiri ya kilo 382 kwa safari sita. Tena waliacha kule vioo maalumu. Mpaka leo wataalamu huelekeza mwanga mkali kwenye vioo hivyo, nao hurejea duniani baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Kwa njia hiyo wamepima na kuona kwamba mwezi hujitenga nasi kwa sentimeta 3.8 hivi kila mwaka. Mwezi huo ndio unaoleta bamvua na maji mafu hapo Msimbati, na ndio tunaoungojea uandame ili tufunge na tufungue.

Kurani Tukufu yasemaje?

Je, iko aya inayokataza mtu kupanda huko? Hapana. Kinyume chake, katika Sura Ar-Rahman majini na watu wameambiwa kwamba wakiweza kupenya katika mipaka ya mbingu na ardhi wapenye, lakini hawatapenya ila kwa uwezo maalumu (55:34). Uwezo huo unatoka kwa nani? Roketi huruka kwa kanuni ambazo mwanadamu hakuziweka. Amezivumbua tu na kuzitii. Yeyote anayezivunja, chombo chake huanguka. Basi kila roketi ipaayo ni shahidi kwamba mbingu zina Mtawala na kwamba sheria Zake hazibadiliki.

Kadhalika Kurani yasema kwamba jua na mwezi kila kimoja huogelea katika njia yake (36:41), na kwamba nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari (6:98). Manahodha wetu wa Mikindani na Msangamkuu waliifahamu aya hiyo kwa vitendo kabla hatujaandika makala. Yatangazwa pia kwamba Mungu ametawanya viumbe mbinguni na ardhini, naye aweza kuwakusanya apendapo (42:30). Dini yenye maneno kama hayo haina sababu ya kuogopa darubini.

Ni nani basi aliyeweka sharti kwamba Mwislamu aukane ukweli huu? Si Mwenyezi Mungu, wala si Mtume Wake s.a.w. Ni desturi ya watu tu. Na kumtoa mtu katika Uislamu kwa jambo ambalo Mungu hakulitaja ni kujitwalia mamlaka yasiyo yetu.

Je, walimkosa Mungu?

Lipo kosa la upande wa pili. Baada ya safari ya Gagarin, wakanushaji walieneza maneno kwamba mtu amekwenda mbinguni na hakumwona Mungu. Vijana wengine hata leo huyarudia kwa furaha. Lakini fikiri, ewe kijana. Mwezi uko umbali wa kilometa 384,000 hivi, na mwanga huufikia kwa muda wa sekunde moja na nukta tatu tu. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, baada ya jua, mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kabla ya kutufikia. Mtu aliyefika mwezini ni kama mtu aliyetoka ufukweni Msimbati wakati wa kupwa, akatembea hadi fungu la mchanga, kisha akarudi akitangaza kwamba ameipekua Bahari ya Hindi yote.

Zaidi ya hayo, sisi hatukufundishwa kwamba Mungu ameketi mahali fulani angani. Tumefundishwa kwamba macho hayamfikii (6:104), na kwamba Yu karibu na mtu kuliko mshipa wake wa shingo (50:17). Asiyemkuta Mungu katika sijida yake ufukweni, hata akipelekwa kwenye nyota hatamkuta. Na aliyemjua hapa humjua na huko. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda kwenye kituo cha angani katika mwezi wa Ramadhani. Kituo hicho huizunguka dunia kwa muda wa dakika 90 hivi, hata jua huchomoza kama mara 16 kwa siku moja ya duniani. Wanazuoni wa nchi yake walimwekea mwongozo: afuate saa za mahali alipotoka, na kibla aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aielekee dunia, na asipoweza aelekee popote. Kwani Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:287). Sala haikushindwa na anga.

Safari za kudhaniwa

Ziko safari za angani zilizotendeka, na ziko zilizodhaniwa tu. Jirani zetu wa Zambia wanamkumbuka Edward Makuka Nkoloso, ambaye mwaka 1964 alitangaza kwamba atampeleka msichana mmoja na paka wawili mwezini, akawa anawazoeza vijana wake kwa kuwaviringisha mlimani ndani ya pipa. Wengi walimcheka. Lakini yeye alijua angalau kwamba safari kama hiyo yahitaji chombo na mazoezi!

Ama Wakristo wengi, na kwa masikitiko Waislamu wengi pia, huamini kwamba Nabii Isa a.s. alipaa na mwili huu wa udongo, na kwamba yu hai huko kwa miaka elfu mbili, bila chakula wala hewa. Kurani Tukufu imekwisha amua jambo hili. Makafiri wa Makka walimtaka Mtume Mtukufu s.a.w. apande mbinguni mbele ya macho yao, naye akaamriwa kuwajibu kwamba yeye si ila mtu aliye Mtume (17:94). Ikiwa bora wa Mitume alijibu hivyo, vipi mwingine apande? Tena wanadamu wameambiwa kwamba katika ardhi wataishi, na humo watafia, na humo watatolewa (7:26).

Huenda mtu akauliza: mbona wasafiri wa angani huishi huko? Jibu ni kwamba hawaendi ila kwa kubeba ardhi pamoja nao. Hewa wanayoivuta, maji wanayokunywa, na chakula wanachokula vyote asili yake ni ardhi hii. Valeri Polyakov, aliyekaa angani siku 437 mfululizo katika miaka ya 1994 na 1995, aliletewa mahitaji kutoka chini, na mwishowe akarudi. Basi safari hizi haziitangui aya hiyo, bali zaithibitisha.

Kuinuliwa kwa Nabii Isa a.s. ni kuinuliwa cheo mbele ya Mola wake. Sisi sote, tukikaa kati ya sijida mbili, huomba kwa neno "warfaani", yaani uniinue. Na hapana msikiti hata mmoja ambao watu wake wamepaa wakatoboa paa! Na Miraji ya Mtume wetu s.a.w. ilikuwa kweli tupu, lakini ilikuwa safari ya roho iliyotakasika, ambayo roketi haiwezi kuifuata. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ndiye aliyetuondolea mkanganyo huu, tukaweza kuamini bila kuikana akili.

Faida na wajibu

Mwisho, tusidhani kwamba elimu hii ni ya wageni tu. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na wakati huo hapakuwa na setelaiti hata moja ya kuwaonya watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea pwani yetu. Safari hii vyombo vilivyo angani vilikiona tangu kingali mbali baharini, na watu wa Mtwara wakaonywa mapema. Tarehe 25 Aprili kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua watu zaidi ya 40 kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Baba aliyevuta mashua yake juu siku ile kwa kusikia onyo la redio alikuwa akinufaika na elimu ambayo mwingine alimwambia mwanawe kuwa ni kufuru.

Tunaye pia mfano katika Jumuiya yetu. Dk. Abdus Salam, Mwahmadiyya, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kamati ya anga ya Pakistan iliyoanzishwa mwaka 1961. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1979, alizitaja mbele ya wakuu wa dunia aya za Sura Al-Mulk, zinazomtaka mtu aangalie tena na tena kama ataona kasoro katika uumbaji wa Rahmani (67:4-5). Elimu yake haikumtoa msikitini.

Basi, enyi wazee wangu wa pwani, kijana akija na swali, msimpe karipio kama nilivyofanya mimi. Mkijua, jibuni, msipojua, semeni Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kisha mtafute pamoja naye. Nawe, mwanangu wa Msimbati, hakuna aliyekutoa. Mlango uliodhani umefungwa haukufungwa na Mwenye nyumba. Endelea kusoma habari za mwezi, na adhana ikilia, weka wavu chini, uje usimame safuni pamoja nasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale wanaomkumbuka na kufikiri, na awarudishe watoto wetu waliovunjwa moyo kwa ndimi zetu. Amin.