Kosa la Nani?

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walimwuliza Bwana kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Bwana alikana yote mawili. Hata hivyo swali lile twalisikia bado, hata mlangoni mwa kanisa, apitapo mama na mtoto mwenye usonji asiyeitika aitwapo.

Wataalamu nao waliwahi kuwatwika akina mama lawama hiyo, wakidai kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio ulioleta usonji. Dai hilo limekwisha kanushwa. Kule London wazazi hawakungoja kutetewa: mwaka 1962 waliunda chama chao, na mwaka 1965 wakafungua shule.

Basi, Wakristo wenzetu, tukiwachangia watoto hawa tusiishie kwenye nguo na sabuni. Wahitaji mwalimu aliyesomea kazi hiyo, darasa dogo, picha za kuwaonyesha lipi litafuata lipi, na nauli ya kila siku, maana shule za namna hiyo ni chache na ziko mbali. Kutoa nauli hakuleti sifa kama kukabidhi magunia ya unga mbele ya mpiga picha. Lakini ndiyo imfikishayo mtoto darasani. Na akipiga kelele wakati wa Misa, tusigeuze shingo. Tumpishe mama yake kwenye benchi.