Nani Aanze Kubadilika?

Mlinzi anayesimama nje ya jengo jijini Doha mwezi wa Julai huambiwa anywe maji mara kwa mara na atafute kivuli. Mfanyakazi wa nyumbani aliyekutwa na shinikizo la damu huambiwa apunguze chumvi, atembee kila siku na apate usingizi wa kutosha. Raia wa Qatar mwenye kisukari huambiwa aachane na soda na afanye mazoezi. Kitabibu, nasaha zote tatu ni sahihi. Lakini kila moja imebeba ndani yake hukumu ya kimaadili ambayo hatuichunguzi: kwamba wa kubadilika ni yule anayeumwa, na kwamba asipobadilika lawama ni yake. Hukumu hiyo inaweza kuwa ya haki kwa mmoja wa hawa watatu na ikawa dhuluma kwa mwingine, ingawa maneno ya daktari ni yaleyale. Ninachokusudia kukitetea hapa ni kwamba wajibu wa kubadilika hufuata uwezo. Mwenye mamlaka makubwa zaidi juu ya mazingira ya kazi, chakula, muda na mapumziko ndiye anayepaswa kuanza. Nia ya mtu mmoja mmoja ina uzito mkubwa, ila haki ya kuidai hupatikana baada ya uwezo kuwekwa mikononi mwake.

Wataalamu wa afya ya jamii wamefika karibu na hoja hii kwa njia ndefu. Katika miaka ya 1950, watafiti wa idara ya afya ya Marekani walishangaa kuona watu hawaendi kupimwa kifua kikuu ingawa kipimo kilitolewa bure. Katika kutafuta jibu wakaunda nadharia ya imani kuhusu afya: mtu huchukua hatua anapoamini kwamba ugonjwa unaweza kumpata, kwamba una madhara makubwa, na kwamba faida ya hatua inazidi vikwazo vyake. Mwaka 1977 Albert Bandura akaongeza jambo muhimu, kwamba mtu hajaribu asichojiamini kukiweza. Mwaka 1983 James Prochaska na Carlo DiClemente, baada ya kuwachunguza wavutaji sigara waliokuwa wakijaribu kuacha, walionyesha kwamba mabadiliko huja kwa hatua na kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya safari. Nadharia hizi zimesaidia wengi, lakini uzito wake mkubwa uko kichwani mwa mhusika. Ilipofika mwaka 2011, Susan Michie na wenzake walipitia mifumo mingi ya namna hii na kuikusanya katika mambo matatu: ili tendo lifanyike panahitajika uwezo, fursa na ari. Kati ya matatu hayo, fursa iko nje kabisa ya nafsi ya mtu. Iko katika sheria, bei, saa za kazi, umbali wa zahanati na tabia ya mwajiri.

Msomaji aliyelelewa katika madrasa za pwani hataliona jambo hili kuwa geni. Wanatheolojia wa Kiislamu walibishana kwa karne nyingi juu ya uwezo wa mja. Muutazila walisema uwezo hutangulia tendo, kwani bila hivyo amri ya Mungu ingemwangukia asiyeweza kuitii. Waashari walisema Mungu huuumba uwezo pamoja na tendo lenyewe. Hata hivyo, mafakihi walipokaa kuzitoa hukumu walikutana mahali pamoja: anayekalifishwa ni mwenye kuweza. Hija ni juu ya mwenye uwezo wa safari, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kufungua Ramadhani. Mafakihi hawa walijua vizuri udhaifu wa nafsi na visingizio vyake. Walichokikataa ni kuugeuza wajibu kuwa mateso. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anawajibu katika Ihyaa Ulumuddin wale wanaodai kwamba tabia ni maumbile yasiyobadilika: ingekuwa hivyo, mawaidha na malezi yote yangekuwa bure. Anafundisha kwamba tendo likirudiwa huingia moyoni hadi likawa tabia. Lakini hamwachi mwanafunzi peke yake na nafsi yake. Anamtaka atafute sheikh wa kumwongoza na rafiki mkweli wa kumwonyesha aibu zake. Kwa hiyo hata kwa mwalimu huyu aliyeipa nia heshima kubwa, anayejirekebisha anahitaji watu waliomzunguka wamwezeshe.

Doha yenyewe imetupa ushahidi ulio wazi kuliko vitabu. Mwaka 2007 Qatar ilikataza kazi za juani kati ya saa tano na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 31 Agosti. Mwaka 2021 wizara ya kazi ilitoa uamuzi mpya. Katazo sasa linahusu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kazi inapaswa kusimama saa yoyote ile pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na mionzi ya jua kinapopita nyuzi 32.1. Mfanyakazi naye alipewa haki ya kuacha kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba joto linahatarisha maisha yake. Kwa mujibu wa Shirika la Kazi Duniani, ambalo limekuwa na ofisi Doha tangu 2018, zahanati za wafanyakazi zinazoendeshwa na Hilali Nyekundu ya Qatar zilipokea wagonjwa 1,520 wa maradhi yatokanayo na joto katika kiangazi cha 2020, 620 mwaka 2021, na 351 mwaka 2022. Mtu makini atasema kwamba takwimu za zahanati chache haziwezi kubeba hukumu nzima, kwa kuwa idadi ya wafanyakazi na ya miradi hubadilika mwaka hadi mwaka. Ni kweli, na takwimu hizo hazituelezi lolote juu ya waliougua bila kufika zahanati. Lakini upungufu wa kiasi hicho ndani ya miaka miwili hauwezi kuelezwa kwa kudai kwamba ghafla wafanyakazi walianza kuupenda uhai wao. Waliupenda tangu awali. Kilichobadilika ni kwamba kupumzika saa ya hatari kulikuwa sasa na sheria nyuma yake.

Ushahidi mwingine unatoka magharibi mwa Kenya, na unagusa imani iliyoota mizizi katika miradi ya maendeleo: kwamba mtu huthamini kile alichokilipia. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu imani hiyo kwa vyandarua vyenye dawa vilivyotolewa kwa wajawazito kliniki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa asilimia 60 ya wote. Na miongoni mwa waliokuwa nacho, haikuonekana kwamba waliolipa walikitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Kama mwandishi wa ripoti angewatazama wale ambao hawakuchukua bila kuiangalia bei, angeandika kwamba uelewa uko chini na kwamba jamii inahitaji kuelimishwa. Angewatwika akina mama hao kosa lililokuwa la bei. Makosa ya namna hii hufanyika kila mara tunapouita umaskini ujinga, au tunapouita utiifu wa mfanyakazi kwa msimamizi wake uzembe wa kujali afya.

Yupo atakayejibu kwamba elimu imewahi kubadili watu, na ana mfano mzuri. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi 1995, na hivyo watafiti wakaweza kulinganisha maeneo. Waligundua kwamba mahali uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka na wanandoa walizungumza zaidi juu ya jambo hilo. Sina sababu ya kuupunguza ushindi huo. Lakini tutazame ulivyopatikana. Msikilizaji aliyeamua aliweza kwenda zahanati na kupata huduma. Wahusika wa mchezo, akina Mkwaju dereva wa lori na mkewe Tunu, waliishi maisha ambayo msikilizaji aliyatambua kuwa yake. Na uamuzi wenyewe ulikuwa ndani ya mamlaka ya mke na mume. Elimu hufanya kazi kubwa pale ambapo kilichokosekana ni elimu. Mfanyakazi wa nyumbani anayeamka kabla ya alfajiri na kulala baada ya wageni kuondoka anajua kwamba usingizi ni dawa. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 ya Qatar inampa kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Mabadiliko yatakayomponya yanatakiwa yafanywe na wenye nyumba kwa kuitii sheria hiyo, na wakaguzi kwa kuisimamia, kabla hajapewa karatasi ya ushauri juu ya mazoezi.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika dini. Sura ya Ar-Raad, katika aya ya 11, inafundisha kwamba Mungu haibadili hali ya watu mpaka wao wayabadili yaliyo ndani yao. Waislamu wengi huisoma aya hii kama amri kwa mtu mmoja: jirekebishe, hali itakaa sawa. Na wahenga wetu wanaonekana kuiunga mkono wanaposema penye nia pana njia. Lakini aya inawahutubia watu kwa ujumla wao. Yaliyo ndani ya jamii ni pamoja na namna inavyowatazama wanaoijengea majumba na kuilelea watoto, mikataba inayokubali, na mambo inayoyaona ya kawaida. Mwajiri ni sehemu ya jamii hiyo, na wakala wa ajira wa Nairobi au Kampala aliyemtoza kijana ada kubwa ili apate kazi Doha ni sehemu yake pia. Kijana aliyesafiri akiwa na deni hawezi kukataa kazi ya hatari kwa urahisi, hata kama tangu 2020 sheria imemruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha wa kwanza. Kuichukua aya iliyowaamrisha wote na kuiegemeza juu ya mabega ya aliye dhaifu kuliko wote ni kuipunguza amri yenyewe.

Wengine wanahofia kwamba kuyapanga mazingira ili watu wafuate njia fulani ni kuwanyang'anya hiari, na kwamba tendo lisilotoka katika nia halina thamani mbele ya Mungu. Hofu hii ni ya kuheshimiwa, hasa tangu Richard Thaler na Cass Sunstein walipoueneza mwaka 2008 mtazamo wa kuwasukuma watu kidogo kidogo bila kuwalazimisha. Qatar nayo ilianzisha kitengo chake cha kutumia elimu ya tabia katika maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022. Jibu langu ni kwamba lazima tutofautishe kumwondolea mtu kizuizi na kumlaghai. Doha imewahi kujaribu kuwapima watu kisukari msikitini mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa wengi wa waliokuwapo walikuwa wamefunga na kipimo kinahitaji mtu asiyekula kwa saa kadhaa. Hakuna aliyedanganywa, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Usumbufu wa kuahirisha chakula na kwenda hospitali ndio uliopungua, na nia ya mtu ikabaki yake. Lakini pale mpangilio unapofichwa, au unapolenga kumfanya mfanyakazi aridhike na hali isiyostahili kuridhiwa, hapo umekuwa hila.

Linabaki swali la uzembe: je, hoja hii haimpi kila mtu kisingizio? Hapa kanuni yenyewe inajibu, kwa sababu wajibu unaofuata uwezo huongezeka pale uwezo unapoongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu asilimia 17 ya Waqatari watu wazima walikuwa na kisukari na zaidi ya asilimia 40 walikuwa na unene uliokithiri. Tangu mwaka huo huo nchi ina siku ya michezo ya kitaifa kila Jumanne ya pili ya Februari, na Januari 2019 vinywaji vyenye gesi vilianza kutozwa kodi ya asilimia 50. Mtu mwenye muda, kipato, bustani na hospitali nzuri, ambaye serikali yake imeanza kumsaidia kwa namna hii, ana hoja chache za kujitetea mbele ya nafsi yake. Kwake mafunzo ya Ghazali juu ya kuizoeza nafsi yanafaa kwa ukali wake wote. Ukali huohuo tukiuelekeza kwa mlinzi anayelala chumba kimoja na wenzake baada ya zamu ya saa kumi na mbili, tutakuwa tumekosea kwa kudhani kwamba usawa ni kuwaambia watu wote maneno yaleyale.

Kwa hiyo kila mradi wa afya, uwe Doha, Mombasa au Bukoba, unapaswa kujibu maswali kwa mpangilio kabla ya kuchapisha bango lake la kwanza. Tendo tunalolitaka linamgharimu nini mhusika kwa fedha, muda na usalama wa kazi yake? Nani ana mamlaka ya kuipunguza gharama hiyo, na ameshatakiwa aipunguze? Majibu yakipatikana, na mwenye mamlaka akitimiza sehemu yake, ndipo tuwe na ujasiri wa kumwambia mtu wa kawaida kwamba sasa ni zamu yake, na kumwambia bila kuona haya. Anayehubiri mabadiliko kwa asiye na uwezo huku akimnyamazia mwenye nao anawalinda walio na nguvu, hata kama nia yake ni njema. Dini na sayansi, kila moja kwa njia yake, zimeshatufundisha kuanza upande wa pili.