Kunyamaza Si Kusamehe: Mafunzo ya Chumba cha Watu Wanne

Kila mwaka masomo yanapofunguliwa, daladala za Nyegezi hujaa mabegi, ndoo na magodoro yaliyokunjwa. Ni vijana wanaokwenda chuoni. Tangu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilipoanzishwa Malimbe mwaka 1998, hosteli za watu binafsi zimeota kati ya mawe kuelekea ziwani, na kila chumba huchukua wawili, wanne, hata zaidi. Mzazi anayemsindikiza mwanawe huombea masomo, ada na afya. Ni wachache wanaokumbuka kumwombea yule atakayelala kitanda cha juu, ambaye mtoto wao hajawahi kumwona, lakini atasikia anavyokoroma mwaka mzima.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake watatu tuliosoma Mwanza na kukaa pamoja katika mojawapo ya hosteli hizo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya deka, kwa hiyo tulikuwa wanne. Wa nne hakuandika pamoja nasi, na sababu ya kutokuwepo kwake ndiyo habari yenyewe.

Mambo yaliyotugombanisha yalikuwa madogo. Luku tulichangia sawa kwa sawa, lakini mwenzetu alikuwa na jiko la umeme na alipika maharage saa tatu nzima, wakati sisi tulikula kwa mama ntilie. Zamu ya kudeki ilipofika kwake, mara nyingi alikuwa maktaba. Maji yalipokatika, ndoo iliyojazwa na mmoja ilikutwa tupu asubuhi. Zaidi ya hayo, yeye alikuwa Mwislamu, na simu yake ililia kabla ya alfajiri ili aamke kuswali. Sisi watatu tulitoka kwenye mazoezi ya kwaya saa nne usiku, tukageuza godoro chini na kulala tumechoka. Mlio ule ulituudhi sana.

Hatukumwambia. Tulijiambia kwamba Mkristo huvumilia, tukamwachia Mungu. Huo ndio ulikuwa uamuzi wetu wa kwanza, na kwa macho yetu ulikuwa uamuzi mwema.

Lakini yale tusiyomwambia yeye tuliwaambia wengine. Katika kundi la maombi tulimtaja kama hitaji: "Tuombeeni, tuna changamoto chumbani." Wenzetu waliuliza ni changamoto gani, nasi tukaeleza, kila juma tukiongeza jambo. Kabla muhula haujafika katikati, kwaya nzima ilijua habari za maharage, luku na ndoo. Mtu pekee ambaye hakujua kwamba kuna ugomvi ni yule tuliyegombana naye. Yeye aliendelea kutusalimia na kutukaribisha chakula.

Kisha akaja mgeni. Binamu yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa hajapata pa kulala kwa kuwa bumu lake lilikuwa halijatoka. Wakalala wawili kitanda kimoja, jambo ambalo wanafunzi huliita kubebana. Sheria ya hosteli ilikataza. Siku ya sita tulikwenda kwa mama mlezi wa hosteli, tukaeleza. Mama alifanya kazi yake. Jioni ile ile, giza likiwa limeshaanza kuingia na mvua ikinyesha, yule binti alifungasha begi lake mbele yetu. Wa nne wetu alimsindikiza hadi kituoni. Aliporudi hakusema neno. Juma lililofuata alihama, na mama mlezi akatuletea mtu mwingine.

Siku zile tulijiona tuna haki. Sheria ilikuwa upande wetu, kitanda kilikuwa cha mtu mmoja, na hatukusema uongo hata kidogo. Ilituchukua muda mrefu kuliona swali lililokuwa limejificha: je, mtu anaweza kuwa na haki katika kila kipengele, na bado akawa amekosa?

Tunaamini anaweza, na Injili ya Mathayo, sura ya 18, inatuonyesha ni wapi tulipokosea. Yesu anaweka utaratibu kwa mtu aliyekosewa. Kwanza amwendee mwenzake wakiwa wawili tu. Asiposikilizwa, achukue mtu mmoja au wawili. Ikishindikana hapo, ndipo kanisa lote liambiwe. Utaratibu huo tuliukariri tangu shule ya Jumapili. Katika chumba chetu tuliugeuza kichwa chini: tulianza na kanisa, yaani kwaya na kundi la maombi, tukaenda kwa mwenye mamlaka, na ile hatua ya kwanza, ya kukaa naye kitandani na kusema, "Dada, kuna jambo linatusumbua," hatukuichukua kamwe.

Huenda mtu akasema utaratibu ule unahusu ndugu wa kanisani, na mwenzetu hakuwa wa imani yetu. Lakini katika injili hiyo hiyo, sura ya 5, Bwana anauliza tuna nini cha ziada kama tunawasalimu ndugu zetu peke yao. Tulichokuwa tukimdai yeye ni adabu ya jirani. Adabu hiyo hiyo alitudai sisi.

Kwa nini hatua ya kwanza ni ngumu kiasi hicho? Tumelitafakari, na jibu halitupendezi. Ukimwendea mtu ana kwa ana, naye anapata nafasi ya kusema. Anaweza kukuambia usiyotaka kuyasikia. Mwenzetu angeweza kutukumbusha kwamba nyimbo zetu za saa nne usiku zilimwamsha mara nyingi kama simu yake ilivyotuamsha sisi, na kwamba yale maharage tuliyala pamoja alipotukaribisha. Katika miezi yote ile tulihesabu umeme wake bila kuhesabu sauti zetu. Kunyamaza kulituwezesha kuwa mashahidi na mahakimu katika kesi ambayo mshtakiwa hakuitwa.

Hapa ndipo tunapotofautisha kunyamaza na kusamehe. Anayesamehe analitazama kosa, analiita kwa jina lake, kisha analifuta. Anayenyamaza analiweka akiba. Dalili ya akiba ni kwamba siku ya hasira mtu anaitoa yote, na tarehe zake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ugomvi uliofichwa nao hauponi kwa kufichwa.

Watu wa ziwa wanalijua hili kuliko sisi wasomi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ili taa zao zivute dagaa. Wako wachache ndani ya mtumbwi mmoja. Maji yakianza kuingia, anayeyaona hatafakari kama kusema kutamuudhi mwenye zamu ya kuyakumba. Anasema pale pale, kwa sababu maji hayachagui wa kumzamisha. Chumba cha watu wanne ni mtumbwi wa namna hiyo, hata kama kimejengwa juu ya mwamba.

Hatutaki kueleweka vibaya. Si kila jambo humalizwa na maongezi ya wawili. Mwenzako akikupiga, akikutishia, akikuibia, au akileta chumbani kitu cha hatari, usibaki ukijadiliana naye peke yako kwa jina la upendo. Nenda kwa mlezi wa hosteli au uongozi wa chuo siku hiyo hiyo. Uvumilivu usiwe kifuniko cha uonevu.

Tena wakati mwingine watu wema wawili hawawezi kukaa pamoja. Katika Mwanzo sura ya 13, wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha. Abramu alikuwa mkubwa na angeweza kuchagua kwanza, lakini alimwachia mpwa wake achague upande. Walitengana bila kuwa maadui, na Lutu alipotekwa baadaye, Abramu ndiye aliyekwenda kumwokoa. Kuhama chumba si dhambi. Kumhamisha mwenzako bila neno ndilo jambo lililotushtaki.

Baada ya kuhitimu tulimtafuta. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu jioni ile. Tulipata namba yake kwa rafiki, tukapiga simu tukiwa watatu, na mmoja wetu akasema kwa niaba ya wote kwamba tulimkosea. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada zangu, mngeniambia tu. Ningemtafutia mahali pengine." Alituambia ametusamehe. Akatuuliza habari za wazazi wetu, kila mmoja kwa jina la nyumbani kwake, kwa kuwa alikuwa hajasahau. Hatujawa marafiki wa karibu tangu hapo, na hatumdai urafiki huo. Ila lile neno "mngeniambia tu" limekuwa mahubiri kwetu kuliko mengi tuliyoyasikia.

Kwa vijana wetu wanaokwenda chuoni mwaka huu tunashauri jambo moja. Usiku wa kwanza, kabla ya kugawana makabati, kaeni chini wote. Semeni luku mtachangiaje, hasa kama kuna jiko. Nani anadeki lini. Wageni watakaa siku ngapi. Nani anaamka kuswali, nani anakesha kusoma, nani anaimba. Kisha wekeni siku moja ya kila mwezi ya kuulizana, "Ni kitu gani ninachofanya kinachokusumbua?" Anayeuliza asijitetee siku hiyo. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ni heri vigongane vikiwa bado vizima.

Na kwetu sote tuliokwisha maliza vyuo, bado tuna wenzetu tunaokaa nao: katika ndoa, kazini, kwenye kwaya, kwenye kamati za kanisa. Bwana alisema mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake na aende kupatana kwanza. Hakusema anayedai ndiye aende, wala anayedaiwa. Alisema anayekumbuka. Basi kama ulipokuwa ukisoma haya umemkumbuka mtu, usilete jina lake kwenye maombi ya pamoja Jumapili hii. Mwendee yeye kwanza.