Ini na Uzito wa Msiba
Mshairi wa Maombolezo 2:11 anaueleza msiba wa Yerusalemu kwa macho yaliyochoka kwa machozi, matumbo yanayochafuka na ini lililomwagika chini. Ini kwa Kiebrania ni kaved, lenye shina moja na neno la uzito. Mswahili naye hukatwa maini. Je, ni haki kumtaka mfiwa ajikaze?

Tarehe 30 Juni 2023, lori liliua watu zaidi ya 50 katika makutano ya Londiani, Kericho. Penye msiba kama huo, kauli ya "jikaze" hutamkwa kwa wepesi. Mshairi wa Kiebrania hakujikaza. Alivitaja viungo vyake kimoja kimoja, vikawa ushahidi wa thamani ya waliopotea. Kumnyamazisha mwombolezaji, basi, ni kuwapunguzia marehemu uzito wao.