Kiumbe wa Gizani na Uso wa Jirani

Katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, milango ya nyumba za shamba hutundikwa ua kavu la mmea wa miiba. Huitwa eguzkilore, yaani ua la jua. Wazee walisimulia kwamba kiumbe wa usiku akifika hapo hulazimika kuhesabu nywele zote za ua hilo, na kabla hajamaliza, kumekucha.

Hadithi hiyo haimdhuru mtu. Sisi waamini hatuitegemei, wala hatuna haja ya kuidharau.

Lakini tujiulize: hadithi hugeuka dhambi lini? Wabaski walisimulia pia habari za Akerbeltz, beberu mweusi, na uwanda ambako wachawi walidhaniwa kukutana naye. Watu wakaanza kutaja majina ya jirani zao, wengi wao wa kijiji cha Zugarramurdi. Novemba 1610, mjini Logroño, kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa, watu 6 walichomwa moto. Wengine 5 walikuwa wamekwisha kufia gerezani. Zikachomwa sanamu zao.

Mmoja wa mahakimu watatu, padre Alonso de Salazar Frías, hakutulia moyoni. Mwaka 1611 alikwenda vijijini, akasikiliza watu zaidi ya 1,800, wengi wao watoto. Dawa zilizodaiwa kuwa za kichawi zilipopimwa, hazikuwa na nguvu yoyote. Akaona kwamba uchawi haukutajwa mpaka watu walipoanza kuuhubiri. Mwaka 1614 baraza kuu lilitoa maagizo makali kuhusu ushahidi, na mioto ile ikakoma karibu kabisa.

Salazar hakukana kwamba Shetani yupo. Alikataa kumhukumu mtu kwa uvumi. Wapo waliomwona mlegevu wa imani. Sisi tunasema aliishika amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na kuishika kuligharimu safari ndefu na masikio yenye subira.

Nasi tunajua habari za bibi vizee walioandamwa kwa ajili ya macho mekundu, kumbe ni moshi wa kuni. Basi tukisikia mnong'ono juu ya mjane wa jirani, tusiupeleke mbele. Twende kwake tupige hodi, tuketi, tumsikilize yeye mwenyewe.