Haki ya Mwenza Aliyefia Safarini

Tarehe 30 Machi mwaka 2023, nasi tukiwa katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1444, basi la Chuo Kikuu cha Pwani lililokuwa likiwapeleka wanafunzi michezoni Eldoret liligongana na matatu mahali paitwapo Kayole, karibu na Naivasha, katika barabara kuu iendayo Nakuru. Watu zaidi ya kumi walifariki dunia, wengine wa basi na wengine wa matatu. Khabari ile ilitufikia watu wa pwani katika mwezi ambao nyoyo huwa laini, na neno lililosikika sana vibarazani lilikuwa moja: ni kadari.

Neno hilo ni la kweli. Hatuandiki hapa kulipinga, kwani mwenye kuikana kadari ameivunja nguzo mojawapo ya imani. Tunaloliuliza ni jingine. Kijana aliyebaki hai, ambaye juzi tu alikuwa akipeana pasi na mwenziwe uwanjani, akisha kusema kadari na kumwombea rehema, je, amekwisha kumtimizia haki yake?

Twaona namna vijana wanavyowakumbuka wenzao. Husimama kimya dakika moja kabla ya mpira kuanza. Jezi ya marehemu haivaliwi tena na mtu. Picha yake huchapishwa katika fulana. Huanzishwa kombe kwa jina lake. Nyumbani nako kuna khitma, na katika baadhi ya mitaa yetu kuna pilau ambayo mzazi huikopea, na juu ya hilo yamekwisha kusemwa mengi. Sisi hatuzifanyii mzaha alama hizi za mapenzi. Mtu aliyefiwa na mwenziwe wa timu amefiwa kwa namna ya peke yake: hana fungu katika mirathi, wala watu hawamwendei kumpa mkono wa tanzia, na huenda yeye ndiye aliyemjua marehemu katika jasho na katika kushindwa, mambo ambayo mama mzazi hakuyaona. Hutafuta kitu cha kushika. Walakini alama hizi zote zaweza kutimizwa, na safari ya timu ijayo ikawa vile vile kama ile ya kwanza.

Na lugha yetu nayo imetutega. Neno ajali tulilitwaa katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, ukomo wa umri ambao hapana ajuaye ila Mola. Sisi tukalitumia kwa kila gari lililopinduka, hata usingizi wa dereva, mpira uliokwisha na breki isiyotazamwa vikaingia chini ya neno zito kama hilo, vikapata hifadhi humo.

Tuitazame Sharia yenyewe. Mtu akimuua Muumini kwa kukosea, pasipo kukusudia, Qurani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, haikumwachia aende zake kwa kuwa siku ya marehemu ilikuwa imefika. Imeagiza diya wapewe jamaa wa aliyekufa, ila wakisamehe, na juu ya hiyo kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Mwenye akili na apime. Kama kadari ingekuwa yafunga mlango wa kuuliza, diya hiyo ni ya nini, na miezi miwili ya njaa ni ya nini, kwa mtu ambaye hakukusudia ubaya? Ni dhahiri kuwa Mwenyezi Mungu ameyaweka mambo mawili pamoja, ajali iliyo mkononi Mwake na dhima iliyo shingoni mwetu, wala moja haliliondoi la pili.

Sayyidna Umar (R.A.) alilijua hili. Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamfahamisha kuwa waitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu.

Barabara hiyo hiyo ya Kayole, ukisha kuupita mji wa Nakuru, huelekea Salgaa, Sachang'wan na Migaa, majina ambayo hata sisi wa mwambao tumeyazoea kwa misiba. Sachang'wan ndipo lori la mafuta lilipowaka mwaka 2009, wakafa watu zaidi ya mia moja. Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, walikufa 36. Baada ya msiba huo ndipo ukajengwa ukuta wa saruji kuyatenga magari yapandayo na yashukayo. Hatukumsikia mtu akisema kuwa ukuta ule ni kuingilia kazi ya Mungu.

Kilichosababisha msiba wa Kayole hatukihukumu. Hilo lina wenyewe. Sisi twasema na kijana aliyebaki, maana iko siku atapanda tena basi la timu. Kutoka Kilifi hata Eldoret ni zaidi ya kilomita 800, kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu za Limuru, kisha kuteremka Bonde la Ufa na kupanda tena. Wenziwe wanaimba, mwalimu amesinzia kiti cha mbele, na dereva anataka kulipita lori penye kona. Hapo ndipo haki ya marehemu inapodaiwa. Na twajua kuwa ni jambo zito, khasa kwa mtoto wetu wa pwani, aliyelelewa kuwa mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Atachekwa. Ataitwa mwoga, na huenda safari ijayo jina lake lisiwemo. Lakini adabu haikumziba mdomo, imemfundisha namna ya kuufungua: "Baba, twakuomba upunguze mwendo, tuna wazazi." Na kabla ya kuondoka aulize basi limekaguliwa lini, na dereva amelala saa ngapi. Yule aliyemzika mwenziwe ana haki ya kuuliza hayo kuliko mtu yeyote, nasi wazazi tumsimamie anapoambiwa kuwa ana kiburi.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Machi 2024, tena katika Ramadhani, basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta lililokuwa likija Mombasa lilipata msiba Maungu, karibu na Voi, wakafa wanafunzi 11. Watoto wa bara walifia katika barabara yetu kama wetu walivyofia katika yao. Wako wanaouliza kama yafaa kumheshimu hivyo mwenza asiyekuwa wa dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliisimamia jeneza ya Myahudi, na alipoambiwa ya nani akauliza kama huyo si nafsi. Timu za vyuo vyetu zina Juma na zina John, na benchi walikaa moja.

Wako pia wale wa matatu ya Kayole. Hawakuwa na jezi, wala hapana kombe litakaloitwa kwa majina yao. Walikuwa wakienda shughuli zao tu siku hiyo. Timu itakaposimama dakika ile moja, na iwasimamie na hao. Wallahu aalam.